Bahari Haisomi Kalenda ya Shule

Niseme tu mapema. Ile Diani unayoiona kwenye simu, maji ya bluu yametulia kama chai kwenye kikombe, ni Diani ya miezi michache ya mwaka. Diani ya Agosti ni bahari nyingine. Mchanga ni ule ule, minazi ni ile ile, hata wale jamaa wa ngamia ni wale wale, lakini maji si yale. Na karibu wasee wote wa mtaa ninaowajua, wakipata nafasi ya kwenda Pwani, wanaendaga Agosti.

Hii posti ni yao. Ni ya zile mbogi za Kibera na Kawangware ambazo saa hii ziko kwenye grupu la WhatsApp zikichanga mia mia, kuna mmoja ameshikilia pesa, na kuna wawili ambao kila wiki wanasema watatuma kesho.

Tuanze na hesabu, kwa sababu ndiyo chanzo cha hii hatari ninayotaka kuongelea. Treni ya SGR, daraja la kawaida, ilikuwa 1,000 mpaka mwisho wa 2023. Tangu Januari 2024 ni 1,500. Kwenda na kurudi ni 3,000, na bado hujala, hujalala, hujapanda matatu ya kukufikisha Ukunda. Kwa mtu anayetoka Gatwekera, hiyo ni kama kodi ya nyumba ya mwezi mzima. Kwa hivyo huyo mtu ataenda baharini mara moja kwa miaka mitatu, pengine mara moja tu kabla aoe. Na akifika, ana siku moja. Mbili akibahatika.

Sasa niambie, mtu wa siku moja akiambiwa "leo bahari haiko sawa, ngoja kesho", atangoja na nini?

Mtalii wa wiki mbili anangoja. Analala kando ya bwawa la hoteli, anasoma kitabu, kesho yake upepo umepungua anaingia. Wale wa kuteleza majini kwa vishada, hao hata usiseme, wanajua upepo wa kila saa kuliko unavyojua ratiba ya mechi za Arsenal. Mtoto wa mtaa ameshalipa 3,000 na ameshawaambia watu wote wa ploti anaenda. Ataingia majini hata kama mawimbi yanapiga ukuta. Yaani mwenye siku nyingi ndiye anayejua zaidi, na mwenye siku moja ndiye hajui kitu. Hapo ndipo mimi nakasirika.

Watu wakiskia kijana wa Nairobi amezama Pwani, kitu cha kwanza ni kucheka: "hawa watu wa bara, hawajui kuogelea, wanaingia tu." Kwanza hiyo si ya kucheka. Pili, kuogelea ni nusu ya stori. Nusu ingine ni kujua unaingia bahari gani.

Bahari yetu ina misimu miwili mikubwa, na hii misimu inaitwa kwa upepo. Kaskazi huvuma kutoka upande wa Uarabuni na India, kuanzia kama Disemba hadi Machi. Maji huwa ya joto, masafi, na bahari kwa jumla huwa na adabu. Kusi hutoka upande wa chini, kusini mashariki, kuanzia Aprili au Mei mpaka Septemba hivi, na nguvu yake kubwa ni Juni, Julai, Agosti. Huo ndio upepo wa fujo. Mawimbi yanakuwa marefu, anga inajaa mawingu, maji yanapoa, na wavuvi wenye mashua ndogo wanabaki ndani ya mwamba ama wanakaa nyumbani kushona nyavu. Katikati ya hiyo misimu kuna tanga mbili, wiki ambazo upepo haujaamua unatoka wapi.

Usidhani haya ni mambo ya Wapwani peke yao. Wewe huandika haya majina tangu darasa la nne. Kaskazini ni kule kaskazi inakotoka. Kusini ni kule kusi inakotoka. Ramani yote ya Kiswahili imechorwa na upepo wa baharini, na sisi tunakariri pande za dunia kwa mtihani bila mwalimu kutuambia. Na ile baridi ya Julai, ile ya kukufanya ulale na jaketi na jua linakataa kutoka wiki nzima? Hiyo ni hewa ya kusi imepanda mpaka huku. Kwa hivyo ukiwa umejikunja kwa blanketi pale Laini Saba unalaani baridi, tayari unajua hali ya bahari kule Diani. Imechafuka.

Ngoja nikuchekeshe kidogo. Unamjua Vasco da Gama, yule wa nguzo ya Malindi. Alitoka Malindi tarehe 24 Aprili 1498, akiwa na rubani aliyepewa na mfalme wa Malindi, kusi ikiwa inaanza kuamka. Tarehe 20 Mei alikuwa Calicut, India. Chini ya mwezi. Kurudi sasa, akaona asingoje kaskazi. Aliondoka India mwanzo wa Oktoba, upepo ukiwa bado haujageuka, akafika Malindi tarehe 7 Januari 1499. Miezi mitatu baharini! Mabaharia walikufa kwa ugonjwa mpaka waliobaki hawakutosha kuendesha meli zote, ikabidi wachome moja. Rubani wa kwanza alikuwa anajua tarehe. Mzungu akaona tarehe ni mapambo.

Sasa weka hiyo misimu kando ya kalenda ya shule. Likizo zetu ni tatu. Ya Aprili inaangukia masika, upepo ukibadilika na mvua ikinyesha Pwani kama imetumwa. Ya Agosti iko katikati ya kusi. Ni ya Novemba na Disemba pekee ndiyo inakutana na kaskazi, na hapo ndipo hoteli, mabasi na treni zinajaa na bei inapanda, kwa hivyo mtu wa mtaa anaambiwa na mfuko wake asubiri Agosti. Na Agosti kweli ni rahisi. Umeshawahi kujiuliza kwa nini ni rahisi?

Mwaka 2024 tulipata somo la bure, ni vile halikuingia kichwani. Mei hiyo, shule zilikuwa zimefungwa kwa sababu ya mafuriko, Mathare watu walikuwa wamebebwa na maji, na huku Kibera wengine walilala wamesimama. Kwenye tangazo lile lile la kuahirisha ufunguzi wa shule, tukasikia jina Hidaya. Kimbunga. Watu wakaanza kutengeneza vichekesho. Hidaya ilifika kisiwa cha Mafia, Tanzania, tarehe 4 Mei, ikiwa imepungua nguvu, na Idara ya Hali ya Hewa ilikuwa imeshaonya Pwani yetu kuhusu upepo na mawimbi. Baada ya wiki moja ikasahaulika. Lakini siku hizo chache mtaa wote ulikuwa unafuatilia upepo wa Bahari ya Hindi! Kumbe tunaweza.

Kuna mtu ataniambia, "Mbona unatutisha, kwani Diani ni Nazaré?" Poa, tuongelee Nazaré, kwa sababu hizo video mnazitazama kuliko mimi. Ule ni mji wa Ureno, kwenye Atlantiki. Mbele yake chini ya bahari kuna bonde refu sana, na dhoruba za majira ya baridi zikisukuma mawimbi kutoka mbali, bonde hilo linayapitisha bila kuyapunguza mpaka karibu na nchi kavu, kisha yanainuka. Tarehe 29 Oktoba 2020 Mjerumani mmoja, Sebastian Steudtner, aliteremka wimbi la mita 26.21. Hiyo ni gorofa nane hivi. Lakini angalia: hakwenda Julai kujaribu bahati. Kule wanajua msimu ni kati ya Oktoba na Machi, wanangoja dhoruba, wanahesabu siku. Hata kwa Waafrika wenzetu ni hivyo. Dakar kuna kijiji cha wavuvi kinaitwa Ngor, Atlantiki hiyo hiyo, na mawimbi yao makubwa huja miezi kama hiyo, kutoka dhoruba za kaskazini. Khadjou Sambe, msichana wa hapo Ngor, ndiye mwanamke wa kwanza wa Senegal kufanya kuteleza mawimbini kuwa kazi. Nina uhakika hakuanza kwa kununua ubao. Alianza kwa kukua akitazama maji.

Diani haitakuletea wimbi la gorofa nane. Yetu ina ujanja tofauti, na kwangu mimi huo ujanja ni mbaya zaidi kwa mgeni, kwa sababu haupigi kelele.

Mbele ya ufuo, mbali kidogo, kuna mwamba wa matumbawe. Mawimbi makubwa yanavunjikia huko, unaona tu mstari mweupe. Ndani ya mwamba maji yanaonekana kama bwawa. Mgeni anasema, hii ni salama. Lakini kusi ikivuma, maji yanasukumwa juu ya mwamba kuingia ndani, mengi, bila kupumzika. Yakishaingia lazima yatoke, na hayatoki kila mahali. Yanatafuta mlango, pale mwamba ulipokatika, na hapo yanatoka kama watu wanaotoka uwanjani kwa geti moja. Ukiwa kwenye hiyo njia, unaenda nayo. Mara nyingi hakuna wimbi kubwa hapo, ndiyo maana watu wanapapenda. Panaonekana pametulia kuliko kwingine. Ukibebwa, usishindane na maji kurudi moja kwa moja. Jiweke juu, inua mkono, jisogeze kando sambamba na ufuo mpaka utoke kwenye mkondo. Na kama hujui kuogelea, maji ya kiuno ndiyo mpaka wako, ata kama mbogi inakuita bibi harusi.

Ya pili ni kujaa na kupwa. Hii ndiyo sitaki uruke.

Siku za mwezi mpevu na mwezi mwandamo kuna bamvua. Maji yanaenda mbali sana, halafu yanarudi mengi sana. Upande wa Mombasa na Diani, tofauti kati ya maji kupwa na maji kujaa siku hizo hufika mita tatu na nusu hivi. Na hapa Pwani ya Kenya bamvua ina ratiba: maji yamekupwa kabisa kama saa nne asubuhi, yamejaa kabisa kama saa kumi jioni. Unaona mtego? Saa nne asubuhi ndio mmefika, mmebadilisha nguo, na bahari imeondoka, imewaachia kiwanja cha mchanga na vidimbwi. Mnatembea kwa miguu kuelekea mwambani kupiga picha. Kila mtu anafanya hivyo, ni kupendeza kweli.

Lakini maji hayarudi kwa mwendo mmoja. Saa ya kwanza yanarudi polepole, hata huoni. Yanaongeza kasi, na kwenye saa ya tatu na ya nne nusu ya maji yote yanaingia. Piga hesabu: nusu ya mita tatu na nusu ni mita moja na robo tatu. Simama ukutani ujipime. Hiyo ndiyo inaingia kati ya saa sita na saa nane mchana, wakati bado mko kule mbele mkisema picha moja ya mwisho. Tena hayaji tu kutoka mbele. Yanajaza kwanza yale mabonde yaliyo nyuma yenu, kati yenu na ufuo. Pale mlipopita na maji ya kifundo cha mguu, mnarudi na maji ya kifua, na kusi inawasukuma.

Haya yote yameandikwa. Jedwali la maji kujaa na kupwa liko kwenye intaneti, bure. Utabiri wa Idara ya Hali ya Hewa, bure. Mzee mvuvi aliyekaa chini ya mkungu anashona wavu, shikamoo moja tu na atakueleza mpaka uchoke. Mimi mwenyewe nilimuuliza mmoja Diani kama naweza kwenda mwambani. Hakuniangalia hata. Akaangalia maji, akasema, "Nenda mwanangu, lakini adhana ya adhuhuri ikikukuta huko, hiyo ni shauri yako." Sijawahi kupewa utabiri wa hali ya hewa mfupi kama huo, na ulikuwa sawa kwa dakika.

Kwa hivyo mashtaka yangu ni kwa watu wa kazi yangu. Sisi wa kontenti. Tunapiga video Januari, tunaihifadhi, tunaiweka Julai kwa sababu hapo ndipo watu wanatafuta safari. Tunaweka jina la hoteli, bei ya chumba, mahali pa kula pweza, hata rangi ya nguo ya kuvaa. Tarehe hatuweki. Saa hatuweki. Mtu wa Kawangware akitazama anadhani bahari ni kama ukuta wa mchoro, iko vile vile siku zote. Kuandika "Januari, kaskazi, maji yalikuwa yamekupwa" pale chini ya video kunachukua sekunde kumi. Kama unaweza kuandika alama ishirini za reli chini ya picha yako, hiyo haikushindi. Na ukilipwa na hoteli kuleta watu Agosti, waambie watu ni Agosti ya kusi. Watakuja tu. Watakuja wakijua.

Wenye kupanga safari nao, vikundi vya kanisa, vyama vya vijana, wale majamaa wa "weka deposti nafasi zimebaki tatu". Mnabeba watoto wa watu sitini kwa basi la usiku, na kitu mmeangalia ni bei ya pilau. Umoja wa Mataifa ulitenga tarehe 25 Julai kuwa siku ya kuzuia vifo vya kuzama, na Shirika la Afya Duniani linahesabu watu kama 300,000 waliozama mwaka 2021 pekee duniani, zaidi ya tisa kwa kila kumi wakiwa nchi zenye kipato kama chetu. 25 Julai, kusi iko juu, na siku chache baadaye mabasi ya likizo yanatoka Nairobi. Hata hiyo siku ingetumika kusoma jedwali moja mbele ya abiria, ingekuwa na maana.

Halafu kuna ile sauti ingine, na hii inatoka kwetu wenyewe: "Mambo ya upepo na mawimbi ni ya mababi, sisi watoto wa ghetto tunajua maji ya mtungi." Wacha hizo. Hapo chini ya Kibera kuna Nairobi Dam, ilijengwa 1953, na kulikuwa na klabu ya mashua za tanga hapo. Tanga! Watu walikuwa wanasoma upepo pale pale ambapo leo kuna magugu maji na takataka. Upepo haukuhama. Na tuna steji nzima inaitwa Olympic, wakati kuteleza mawimbini imekuwa mchezo wa Olimpiki tangu ile ya Tokyo, na hakuna mtoto wa hiyo steji amewahi kuambiwa kusi ni nini.

Sisemi msiende Agosti. Nani atawapa likizo nyingine? Nasema chagueni wiki. Kati ya bamvua moja na nyingine kuna maji mafu, siku ambazo mwezi ni nusu. Hapo bahari haiendi mbali na hairudi kwa fujo, tofauti ya kujaa na kupwa inakuwa ndogo. Kusi bado itakuwepo, mawimbi bado yatakuwepo, lakini mtakuwa mmeondoa hatari moja kwa kusogeza tarehe siku saba tu. Nauli ni ile ile 1,500. Mwambie yule anayeshikilia pesa asikate tiketi kabla hajaangalia.

Na hii hata bando haihitaji. Leo usiku ukitoka kwenda kuoga ama kuchota maji, inua macho juu ya mabati. Ukiona mwezi umejaa mviringo, ujue kule Diani kesho saa nne asubuhi mchanga utakuwa wazi mpaka karibu na mwamba, na kuna mbogi itakuwa inatembea kuelekea huko na simu mkononi. Hesabu siku saba kutoka hapo, halafu rudi kwa grupu uwaambie tarehe.